Jogoo wa Mguu Mwekundu

Misaveni alikuwa na jogoo mmoja ambaye hakuwika wala hakuwahi kula mahindi ya mtu. Jogoo huyo alikuwa wa uzi. Alimtarizi akiwa msichana, kwenye nceka ya harusi yake, ile nguo ambayo wanawake wa kijijini kwao Nhlengeni huifunga fundo begani ikashuka mpaka magotini. Alipofika kwenye miguu, uzi wa njano ukamwishia. Duka lilikuwa mbali na harusi ilikuwa keshokutwa. Basi mguu mmoja ukabaki wa njano na wa pili akaumalizia kwa uzi mwekundu. Mawifi walimcheka mpaka wakashika mbavu.

"Bibi harusi katuletea jogoo aliyekanyaga moto!"

Utani ukageuka alama. Nceka ile ikianikwa uani, mtu akiwa kule kisimani alijua ni ya nani. Misaveni naye, badala ya kuona haya, akaringa nayo miaka ishirini na zaidi, kisha akamfungia begani binti yake Nkhensani siku alipoolewa. Nkhensani ndiye mtoto wake pekee. Ni nesi huko Giyani, na kila akija nyumbani kwa shughuli yoyote huivaa.

Sasa, shughuli iliyoleta balaa ilianza vizuri tu. Alikuja binti mmoja kutoka Polokwane, Refilwe, mwalimu wa sanaa, na robota la kitambaa cha marekani na makasha ya nyuzi za kila rangi. Ukumbi mpya wa kijiji ulikuwa unajengwa na ukuta wake mrefu ulikuwa mtupu. Refilwe akawaambia wanawake kumi na wanane waliojiandikisha: kila mtu atapewa kipande chake, ashone siku moja ambayo hawezi kuisahau, kisha vipande vyote viunganishwe viwe kitambaa kimoja cha kijiji.

Wakawa wanakutana barazani kwenye shule ya chekechea, mara tatu kwa wiki. Wana sharti lao la tangu bibi zao: hakuna kuchungulia kazi ya mwenzio kabla haijaisha. Anayeinuka kwenda kunywa maji hufunika kipande chake kwa kilemba. Kufunua mshono wa mtu ni sawa na kufunua chungu chake jikoni, na waliowahi kufanya hivyo wanajulikana kwa majina.

Misaveni alishona mafuriko ya ule mwaka mbuzi wake alipokutwa juu ya paa. Huyo mbuzi hakuwa siri, aliwaonyesha wote. Kando yake aliketi N'wa-Chauke, jirani na shoga yake tangu walipoolewa mwaka mmoja, ua kwa ua, kule ukingoni mwa kijiji karibu na uzio wa mbuga ya wanyama.

"Mbuzi wako ana masikio ya sungura," N'wa-Chauke alimwambia.

"Yamerefuka kwa kusikiliza umbea wako. Na wewe unashona nini muda wote umejikunja hivyo?"

"Utaona, mama Nkhensani. Subira."

Misaveni akacheka. Ndiyo, alicheka! Alikuja kukikumbuka kicheko hicho baadaye na kukichukia kuliko kitu kingine chochote.

Siku ya kuunganisha, vipande vilitandazwa sakafuni. Kulikuwa na harusi na misiba, treni ya vijana wanaokwenda migodini, siku umeme ulipofika. Refilwe alikuwa amepiga magoti mbele ya kipande kimoja, anafuta macho kwa kiganja. Wanawake wakamzunguka.

"Hii kazi ya nani?" Refilwe aliuliza.

"Yangu," alisema N'wa-Chauke. "Ni wakati ule wa vita vya ng'ambo. Wakimbizi."

Wakaguna kwa huruma. Ni nani pale asiyewakumbuka wale watu, wa lugha moja na wao, waliotoka Msumbiji kwa miguu wakapita katikati ya simba, wengine wasifike? Misaveni naye akasogea atazame.

Kulikuwa na picha tatu ndani ya mraba mmoja. Katika ya kwanza, mwanamke mwembamba alikuwa kwenye uzio, anampa mwanamke mwingine mtoto mchanga. Katika ya pili, mwanamke alikuwa ndani ya jiko la nyasi, amepakata mtoto wa kutembea, kiganja chake kimemziba mtoto mdomo. Katika ya tatu, yule mwembamba alikuwa amepiga magoti penye matete mbele ya kilima kidogo cha udongo, na yule aliyepokea mtoto amesimama nyuma yake, mkono umenyooka, anamwonyesha. Huyo aliyesimama alikuwa amevaa nceka. Kwenye nceka kulikuwa na ndege mdogo wa ukubwa wa ukucha, mguu mmoja wa njano, mwingine mwekundu.

Wenzake hawakumwona yule ndege. Wengi wao macho yalikuwa yamechoka, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtafuta. Misaveni alimwona kabla hajaona kitu kingine chochote. Akasema anakwenda kunywa maji, akapita kisimani, akaenda mpaka nyumbani, akaketi jikoni na mlango ameufunga.

Miaka thelathini na sita siri ile ilikaa kati ya watu watatu, na wa tatu, mama mkwe wake, alikuwa ameshakufa. Misaveni alizaa mtoto wa kike ambaye hakulia. Mumewe alikuwa mgodini Johannesburg. Mama mkwe na N'wa-Chauke walimzika kule kwenye matete, penye udongo wenye maji, maana mtoto mchanga akizikwa penye ukavu mvua huchukia. Siku ya nane, matiti yakiwa yamejaa yanamuuma kama majipu, mwanamke mmoja akajitokeza kwenye uzio na mtoto aliyeshindwa hata kulia kwa njaa. Alisema mtoto wake mkubwa amebaki nyuma, anarudi kumchukua. Misaveni alinyonyesha pale pale, amesimama. Mwanamke akashukuru kwa mikono miwili, akasema atarudi, akarudi alikotoka.

Mwezi ukaisha, mwaka ukaisha. Mume alipokuja likizo alimkuta binti mnene anatambaa, akamwita wake, na nani angemwambia vinginevyo? Misaveni alimpa jina, Nkhensani, yaani shukuruni. Halafu, baada ya misimu miwili ya mvua, yule mwanamke akatokea tena kwenye uzio, peke yake. Misaveni alimwona kwa mbali. Akamtupa mtoto mikononi mwa N'wa-Chauke, akasema, "Mfiche." Kisha akamchukua yule mama mpaka kwenye matete, akamwonyesha kaburi la mtoto aliyemzaa yeye Misaveni, akamwambia, "Ni huyu hapa. Homa."

Hivyo ndivyo alivyofanya. Msimulizi akitaka kumtetea atasema alikuwa msichana, na mpweke, na maziwa yake yalikuwa yameshamzoea yule mtoto. Yote ni kweli, na yule mwanamke hata hivyo alikwenda zake akilia, na hakuonekana tena.

Jioni Misaveni alikwenda kwa N'wa-Chauke. Alimkuta uani anakaanga karanga, na hakupiga hodi wala hakusubiri kigoda.

"Uliapa."

"Niliapa."

"Uliapa mbele ya mama mkwe wangu, umeshika udongo! Miaka yote hii nimekula kwako, umekula kwangu. Nikikwambia kitu nilijua nimekiambia kisima. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Unanishona, N'wa-Chauke? Mimi? Ukaona jogoo wangu ndiye wa kukupatia machozi ya yule mtoto wa Polokwane?"

N'wa-Chauke aliendelea kugeuza karanga. "Tuliambiwa tushone siku tusiyoweza kuisahau. Nilijaribu harusi yangu. Nikafumua. Nikajaribu kuzaliwa kwa Vutomi. Nikafumua. Mkono unarudi pale pale."

"Siku ile ni yangu! Si yako!"

"Yako?" N'wa-Chauke akainua macho. "Wewe ulikuwa kwenye matete. Mimi ndiye niliyekuwa jikoni, mkono wangu juu ya mdomo wa mtoto. Alikuwa ananing'ata, mama Nkhensani. Nilisikia yule mama anapita nje ya ukuta wangu analia, na mwanawe ananing'ata kiganja, na mimi nakandamiza. Wewe ulipata mtoto. Mimi nilipata nini? Nilipata huu mkono."

"Ungeniambia."

"Nimekuambia mara ngapi tumwambie binti? Alipoolewa nikakuambia. Mumeo alipokufa nikakuambia. Ulisema nini? 'Tusifukue.' Basi nimechoka kukaa juu ya kaburi la watu."

"Nkhensani anakuja Jumamosi ya ufunguzi."

"Najua."

"Fumua jogoo. Nakuomba. Waache wote, mfumue jogoo tu."

"Sifumui," alisema N'wa-Chauke, na karanga zilikuwa zimeungua. "Nimeshona kitu cha kweli mara moja tu maishani mwangu. Sifumui."

Misaveni aliondoka bila kuaga. Njiani alimwapiza kwa hasira shoga yake na vidole vyake kimoja kimoja. Adui humtazami usoni ukategemea kitu, ila huyu alimshika mkono wakati wa uchungu wa kuzaa. Mtu akikuibia kuku unajua pa kwenda kushitaki. Aliyekuibia neno ulilomkabidhi mwenyewe, unamshitaki kwa nani bila kulitaja?

Ijumaa wanawake walikifua kile kitambaa kizima kwenye mabeseni, watoe jasho la mikono na alama za penseli, wakakianika kwenye nyasi. Refilwe akaenda zake Polokwane, akasema atarudi siku ya ufunguzi. Zamu ya kushika ufunguo wa chekechea ilikuwa ya Misaveni.

Jumapili, kijiji kizima kikiwa kanisani, ngoma za Kanisa la Sayuni zikisikika mpaka barabarani, alifungua mlango akiwa na wembe na sindano. Alikuwa amepanga kufumua picha zote tatu, lakini alipoanza akaona kazi ile itachukua siku nzima. N'wa-Chauke anashona mishono midogo ya kubana, nyuma kama mbele, hakuna mtu pale anayemfikia. Basi akaamua kumtoa jogoo peke yake. Bila jogoo, yule aliyesimama kwenye matete ni mwanamke yeyote.

Akakata uzi mmoja mmoja, akautoa kwa ncha ya sindano. Mkia ukatoka, bawa na kichwa vikatoka, mguu wa njano ukatoka. Alipotoa mguu mwekundu, akasimamisha sindano. Uzi ule mwekundu ulikuwa wa bei rahisi, na ulichuja rangi siku ya kufuliwa. Juu ya marekani nyeupe ulikuwa umeacha mstari mwembamba wa waridi. Akaupaka mate. Akausugua kwa sabuni. Mstari ukapanuka kidogo, ukatulia. Na mahali pote jogoo alipokuwa palibaki vitundu vya sindano, maana marekani husahau polepole.

Alijipa moyo. Nani atatazama vitundu? Akakunja kitambaa, akafunga mlango, akawahi ibada ya mchana na kuimba kwa sauti kuliko wote.

Hilo ndilo kosa lake, na mshonaji kama yeye alipaswa kulijua. Katika kitambaa chenye maelfu ya mishono, jicho hupita tu. Palipofumuliwa ndipo linaposimama. Wanawake wa pale wamefundishwa hivyo tangu wakiwa wadogo, kutafuta kwanza palipokosewa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kitambaa kilikuwa kimetundikwa ukuta mzima, mstari wa chini ukifika usawa wa kifua cha mtu. Mafundi waliokitundika hawakujua kitu. Nkhensani alifika na gari lake, mrefu, mcheshi, nceka begani na jogoo wa mguu mwekundu kifuani. Akamshika mama yake mkono, wakaanza kupita pamoja na foleni.

"Mama, huyu mbuzi si ungempeleka hospitali? Masikio gani haya?"

"Na wewe umeanza."

Wakacheka. Misaveni alimvuta kidogo ili wapite upesi kipande kinachofuata. Nkhensani akasimama.

"Hee! Hapa kuna mtu amefumua. Nani kaharibu kazi nzuri hivi?"

Akainama. Akapitisha kidole juu ya vitundu kama anavyotafuta mshipa wa mgonjwa. Kidole kikafuata mkia, kikafuata bawa, kikashuka, kikafika kwenye mstari wa waridi, kikatulia. Kisha, polepole, alishika jogoo wa kifuani mwake kwa vidole viwili, akamleta karibu na kitambaa.

N'wa-Chauke alikuwa hatua tatu kando, mikono ameifumbata.

"Mama mdogo," Nkhensani alimwita, "hii ni siku gani?"

"Muulize mama yako, mwanangu."

"Ni wakimbizi tu," Misaveni alisema haraka. "Wa wakati wa vita. Twende, kuna chakula nje."

Nkhensani hakwenda. Alikuwa anatazama picha ya katikati, jiko la nyasi, kiganja juu ya mdomo. Akainua mkono wake akagusa midomo yake mwenyewe.

"Wakati wa korona," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "nilikuwa nikivaa barakoa nazimia. Nesi mzima, nazimia wodini, wenzangu wananicheka. Nikakupigia simu nalia, mama. Nikakuuliza kama niliwahi kukabwa nikiwa mdogo. Ulisema nini?"

Misaveni alikumbuka alichosema. Alisema, kunywa chai ya tangawizi.

"Huyu mwembamba alirudi kunichukua?"

Foleni nzima ilikuwa imesimama. Misaveni angeweza kudanganya tena. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umezoea njia. Lakini N'wa-Chauke alikuwa anamtazama, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kumfichia siri.

"Alirudi."

"Ukamwonyesha lile kaburi? Lile la kwenye matete, ambalo kila Pasaka nalimwagia maji nikiliita dada, kama ulivyonifundisha?"

"Ndiyo."

"Sasa aliyelala mle ni nani?"

"Ni mwanangu," alisema Misaveni.

Lilimtoka hivyo hivyo, kwa sababu ndilo jibu. Alipolisikia masikioni mwake akataka kulirudisha. Akaushika mkono wa Nkhensani, akaanza, "Na wewe pia, na wewe ndiye," lakini Nkhensani alikuwa ameshalisikia.

"Mwanao," alirudia.

Kisha alifungua fundo la nceka begani mwake. Hakufanya hivyo kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Misaveni zaidi. Alimzungushia mama yake nguo ile, akamfunga begani fundo la bibi harusi, lile ambalo Misaveni mwenyewe alimfundisha, akainyoosha mpaka jogoo akakaa sawasawa kifuani.

"Ilikuwa yako. Ivae." Akamgusa yule mwembamba wa kwenye kitambaa. "Alikuwa anaitwa nani?"

"Zulmira."

"Na mimi? Alinipa jina?"

Misaveni alikuwa hajalitamka jina hilo tangu siku ile ya uzio. "Rindzani."

Yaani, ngojeni. Hapakuwa na mtu mle ukumbini aliyehitaji kuelezwa maana yake. Nkhensani aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea maelekezo ya njia, akapita katikati ya watu, nao wakampisha. Baadaye kidogo gari likasikika likiwaka.

N'wa-Chauke akasogea. Alikuwa analia. "Ungemwacha jogoo mahali pake binti angepita tu," alisema. "Nilimshona mdogo makusudi, akusubiri wewe umwonyeshe. Ngoja nikufungue hiyo."

"Usiniguse."

Alinyanyua mkono alifungue fundo mwenyewe. Fundo la bibi harusi hufungwa na mtu mwingine, na hufunguliwa na mtu mwingine. Vidole vyake vilihangaika nyuma ya bega, havikulipata. Akabaki amesimama pale, kando ya kipande. Nje, waliochelewa walikuwa wanaingia, hawajui lolote. Foleni ikaanza kutembea tena. Walitazama mbuzi wakacheka, wakatazama picha tatu wakasikitika, wakainama kwenye vitundu. Halafu wakainua macho, wakamwona jogoo.